Kadi Iliyomo Sandukuni: Chanjo za Watoto Babati na Mkoa wa Manyara

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea twakuomba jambo moja dogo. Lifungue sanduku ambamo huwekwa karatasi za nyumba yako, uitoe kadi ya kliniki ya mtoto wako aliye mdogo kuliko wote, kisha usome makala haya ukiwa nayo mkononi. Kama kadi haionekani, hilo nalo ni jawabu, na tutalirudia mbele. Nyumba zetu nyingi zajua vizuri ilipo hati ya kiwanja na kilipo cheti cha ndoa. Lakini kadi ya mtoto hutafutwa siku mtoto aumwapo tu.

Mtoto ni amana. Neno hili twalisikia misikitini na katika mawaidha ya ndoa, hata limezoeleka masikioni. Lakini amana yataka matunzo, na matunzo ya mtoto mchanga hayaishii kwenye maziwa, nguo, na jina zuri alilopewa siku ya saba. Yako maradhi ambayo tangu zamani yalivuna watoto kama nzige wavunavyo shamba, na leo Mwenyezi Mungu amewawezesha wanadamu kuyazuia kwa matone machache ya dawa na sindano chache. Aijuaye njia hiyo kisha akaiacha, itampasa afikiri atajibu nini atakapoulizwa juu ya amana yake.

MJI WA NJIA PANDA

Mji wa Babati umekaa penye njia panda. Atokaye Arusha kwenda Singida hupita hapo. Atokaye Dodoma kwa njia ya Kondoa hufikia hapo, na wasafiri wamezidi tangu barabara ya lami ya Dodoma ilipofunguliwa mwaka 2018. Upande mmoja liko Ziwa Babati na viboko wake, upande mwingine umesimama Mlima Kwaraa. Mwaka 2002, mkoa wa Arusha ulipogawanywa, Babati ilifanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara. Humo mjini hukaa Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wambugwe, Wabarbaigi, Wamasai, na wafanya biashara waliotoka kila upande wa nchi. Ni mji wa mahindi na mbaazi, wa mabasi na maduka, na adhana husikika humo kama isikikavyo Kondoa.

Mama akaaye mjini hana safari ndefu. Hospitali ya Mrara i karibu naye, na hospitali ya rufaa ya mkoa ipo. Lakini mji si mkoa. Manyara ina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 44,000, yaani karibu mara 18 ya visiwa vya Unguja na Pemba vikijumlishwa. Na watu wake wote, kwa sensa ya mwaka 2022, walikaribia milioni 1.9 tu. Watu hao wametawanyika. Wako wafugaji wa Simanjiro na Kiteto wahamao pamoja na mifugo yao wakifuata malisho na maji. Wako Wabarbaigi wa nyanda za Hanang. Wako Wahadzabe wa Yaeda Chini katika Mbulu, waishio kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Boma moja na jingine huenda zikatengana kwa mwendo wa saa nzima, na zahanati ikawa mbali zaidi ya hapo. Mvua za masika zikinyesha, makorongo hujaa, na gari la huduma ya mkoba, lile lichukualo dawa na wauguzi kuwafuata watu vijijini, hukwama au haliendi kabisa.

Basi usemapo chanjo katika mkoa kama huu, usifikiri juu ya sindano peke yake. Fikiri juu ya njia, mvua, punda, nauli, na mama mwenye mtoto mgongoni.

CHANJO NI ZIPI, NA HUTOLEWA LINI

Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka 1975. Wakati huo maradhi yaliyokingwa yalikuwa machache, nayo yameongezwa kadiri miaka ilivyopita. Ifungue sasa kadi yako, ulinganishe.

Mtoto azaliwapo hupewa sindano ya kumkinga na kifua kikuu, nayo ndiyo iachayo kovu dogo kwenye mkono wa kulia karibu na bega. Pamoja nayo hupewa matone ya polio mdomoni. Afikapo wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14, hupewa tena matone ya polio, na sindano moja ikusanyayo kinga za maradhi matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, na homa kali ya bakteria iletayo kichomi na kushambulia utando wa ubongo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2012 na kuingia 2013 zimeongezwa chanjo ya kichomi na ile ya kuhara kukali, na mwaka 2018 ikaongezwa sindano ya polio katika wiki ya 14. Mtoto atimizapo miezi 9 huchanjwa surua na rubella, na atimizapo miezi 18 huchanjwa tena hiyo hiyo. Mwaka 2018 pia serikali ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima ili kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, nayo siku hizi ni dozi moja tu.

Chanjo zote hizi hutolewa bila malipo. Na kazi yake ni nyepesi kuifahamu: huufundisha mwili kumtambua adui kabla adui hajafika, ili siku akija aukute mlango umefungwa na mlinzi yu macho.

Twaomba wazazi waitazame sana nafasi ya miezi 18. Wengi huiacha wazi. Mtoto amekwisha kutembea, ameota meno, hana ugonjwa, na mama labda amekwisha kuchukua mimba nyingine, basi husema, "Huyu amemaliza." Hajamaliza. Wataalamu wametuonyesha kwamba chanjo ya surua itolewayo katika miezi 9 huwakinga watoto wapatao 85 katika kila 100 waliochanjwa. Hao wengine miili yao haikushika somo mara ya kwanza. Dozi ya pili ndiyo iwafikiayo hao.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kijiji kina watoto 100, na 90 kati yao wamepata dozi ya kwanza. Watu watafurahi na kusema kazi imefanyika vizuri. Lakini katika hao 90, waliokingwa hasa ni kama 76 au 77. Waliobaki wazi ni 23 au 24. Na surua ni ugonjwa usio na haya: mgonjwa mmoja, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18, na pumzi yake hubaki hewani chumbani hata saa mbili baada ya yeye kuondoka. Ili usipate pa kushika, yapasa watu 95 katika 100 wawe na kinga. Watoto 23 walio wazi ni kuni kavu zinazongoja kiberiti.

ASILIMIA NZURI NA BOMA LILILOSAHAULIWA

Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania miaka ya 2015 na 2016, watoto 75 katika kila 100 wenye umri wa miezi 12 hadi 23 walionekana wamepata chanjo zote za msingi. Ni kazi kubwa kwa nchi kubwa. Lakini maana yake vile vile ni kwamba mmoja katika wanne hakuzipata zote. Kisha wakati wa ugonjwa wa korona huduma hizi zililegea duniani kote, hata mwaka 2021 watoto milioni 25 wa ulimwengu walikosa chanjo moja au zaidi za mwaka wao wa kwanza.

Liko tena jambo la hesabu ambalo wasomaji wetu wengi hawalijui. Asilimia ya chanjo katika wilaya hupatikana kwa kuigawa idadi ya watoto waliochanjwa kwa idadi ya watoto wanaokisiwa kuwapo. Makisio hayo hutokana na sensa. Sasa, watu wakiwa wamehama, au wamezidi, au makisio yakiwa madogo kuliko watu wenyewe, hesabu hupotoka. Huweza hata kutoka asilimia zaidi ya 100, kana kwamba wamechanjwa watoto wasiozaliwa! Karatasi hung'aa ofisini, na huku liko boma ambalo muuguzi hajalifikia tangu mvua zilipoanza. Asilimia ni wastani, na wastani ni kama kina cha mto: ukiambiwa maji yafika magotini, usivuke bila kuuliza lile shimo li wapi.

Surua hulijua shimo hilo. Mwishoni mwa mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023 iliingia katika halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi, nchi ya wakulima na wafugaji kama zilivyo nyingi za Manyara, na watoto zaidi ya kumi wakafa. Mwezi wa Februari 2024 ikafanywa kampeni nchi nzima ya kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miezi 59, nao waliokusudiwa walikuwa zaidi ya milioni 7. Kadhalika polio: Tanzania ilithibitishwa mwaka 2015 kuwa haina tena polio, lakini mwezi wa Februari 2022 kirusi chake kikaonekana Malawi, jirani yetu, na mwaka huo huo wachanjaji wakapita nyumba kwa nyumba. Mpaka wa nchi hauzuii ugonjwa. Sembuse njia panda ya Babati, ambapo kila siku hushuka abiria wa mikoa minne au mitano!

KWA NINI MTOTO HUKOSA

Ni rahisi mtu kukaa mjini na kusema, "Wale hawataki chanjo." Tuseme yuko mama mmoja, mke wa mfugaji, na tumfuate tuone.

Mtoto wake ana miezi 9. Ameambiwa siku ya chanjo ni Jumatano. Huamka alfajiri, hukamua, huwaachia wakubwa kazi ya maji, humfunga mtoto mgongoni na kutembea saa tatu. Afikapo zahanati huwakuta akina mama wawili tu wenye watoto wa umri huo. Sasa hapa pana jambo la dawa yenyewe. Chanjo ya surua mara nyingi huja katika kichupa cha dozi 10, nacho kikisha kufunguliwa hakina budi kutumika ndani ya saa 6, na kilichobaki hutupwa. Muuguzi aogopaye kuulizwa juu ya dozi saba zilizotupwa huweza kumwambia mama, "Rudi wiki ijayo, watoto wakiwa wengi." Mama hurudi nyumbani kwa saa tatu nyingine, mikono mitupu. Wiki ijayo ni wiki ya kupalilia, au mifugo imehamishwa, au mvua imefunga korongo. Harudi tena. Katika daftari ataandikwa kuwa ni mama mzembe.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kushauri kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa ajili ya mtoto mmoja wa surua, kwa kuwa uhai wa mtoto ni ghali kuliko dozi tisa. Sisi twasema hivyo hivyo, na twaomba wakuu wa afya wawaambie wauguzi wao kwa maandishi, ili muuguzi mwenye huruma asiogope hesabu za ghala.

Sababu nyingine ni baridi. Chanjo haina budi kukaa katika joto la digrii 2 hadi 8 tangu ghala la taifa hadi mkononi mwa mtoto. Jokofu la zahanati likizimika, na sanduku la barafu likichelewa njiani, dawa huharibika bila kubadilika sura. Kwa bahati njema kwenye vichupa huwekwa alama: kimraba ndani ya duara. Kimraba kikiwa cheupe kuliko duara, dawa ni nzima. Kikilingana nalo kwa weusi au kulizidi, dawa hiyo haifai. Mzazi ana haki ya kuuliza, na muuguzi mwema hatachukia kuulizwa.

Sababu ya tatu ni kadi. Mwenye kuhama huhama na vitu vichache. Na wako waliopotewa na kila kitu: tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Nyumba ikichukuliwa na tope, kadi nayo huenda. Mama aliyepoteza kadi huona haya au huogopa kukemewa, basi hukaa nyumbani. Twamwambia mama huyo: nenda bila kadi. Kadi mpya huandikwa. Wala usiseme mtoto amechelewa mno; mtoto aliyepitwa na tarehe huangaliwa ni zipi amekosa, na zile zifaazo umri wake hupewa.

Na sababu ya nne, ndugu msomaji, imo katika nyumba zetu wenyewe, nayo ni baba.

MANENO KWA AKINA BABA

Mara nyingi mama hana nauli mpaka baba aitoe, wala haondoki mpaka baba aridhie. Kwa hiyo nafasi zilizo wazi katika kadi si za mama peke yake.

Katika mkoa wa Manyara hakuna mfugaji asiyejua maana ya chanjo. Wazee walisimuliwa na baba zao habari za sotoka, ile tauni ya ng'ombe iliyopita katika nchi hizi katika miaka ya 1890 ikawamaliza ng'ombe, na njaa ikawamaliza watu. Chanjo bora ya sotoka ilitengenezwa Muguga, nchini Kenya, na Dakt. Walter Plowright na wenzake. Wafugaji wa Afrika na Asia wakawapeleka ng'ombe wao, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imetoweka duniani. Hata leo mfugaji akisikia kimeta au homa ya mapafu imeingia wilayani, huuza mbuzi apate fedha za kuwachanja ng'ombe. Ni busara, wala hatumlaumu. Twamwuliza tu: ndama ana chanjo, na mtoto je? Ya ndama hununuliwa, ya mtoto ni bure.

Wako pia wasemao kwamba kinga ni kupungukiwa na tawakali. Hawa wamesahau fundisho ambalo kila mtoto wa madrasa amelisikia, la mwenye ngamia aliyeagizwa amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mungu. Na Waislamu ndio waliotangulia katika elimu hii. Tabibu Al-Razi wa Rayy, katika Uajemi, aliyeishi kadiri ya miaka elfu moja na mia moja iliyopita, aliandika kitabu akieleza tofauti ya ndui na surua. Na kabla Dakt. Jenner wa Uingereza hajavumbua chanjo yake mwaka 1796, watu wa dola ya Uturuki walikuwa wakiwakinga watoto na ndui kwa kuwatia usaha kidogo wa mgonjwa mwenye ndui nyepesi. Mke wa balozi wa Uingereza, Lady Mary Wortley Montagu, aliyaona hayo huko mwaka 1717, akamfanyia mwanawe, kisha akawafundisha watu wa kwao.

Tena, ni nani katika mahujaji wetu asiyechomwa sindano ya homa ya uti wa mgongo? Bila hiyo haingii Makka. Mzee huikubali kwa furaha, ajua kwamba ni kinga yake na ya mahujaji wenzake. Basi asirudi nyumbani akaiona sindano ya mjukuu wake kuwa ni shaka.

YA SHAKA NA UVUMI

Hatutaki kuwacheka wenye shaka. Aulizaye juu ya kitu kitakachoingizwa mwilini mwa mwanawe anafanya wajibu wake. Lakini aulize kwa mjuzi, asiulize kwa mpita njia.

Mwaka 2003, katika jimbo la Kano nchini Nigeria, ulienea uvumi kwamba matone ya polio yametiwa dawa ya kuzuia uzazi. Wakuu wa jimbo wakaisimamisha kazi, na haikurudi mpaka mwaka 2004, baada ya kuletwa matone yaliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Lakini ugonjwa haukungoja majadiliano. Kirusi kilichotoka kaskazini mwa Nigeria kiliingia nchi nyingi zilizokuwa zimekwisha kupona. Kikafika Yemen, na mwaka 2005 kikafika Indonesia yenyewe. Waliopooza walikuwa watoto wetu, wala si wa mwingine.

Huko Indonesia tena, mwaka 2018, liliulizwa swali zito zaidi: chanjo ya surua na rubella iliyoletwa huko ilikuwa na kitu kilichotokana na nguruwe katika utengenezaji wake. Baraza la maulamaa la nchi hiyo halikuficha. Lilisema wazi kwamba kitu hicho kimo, kisha likatoa fatwa kwamba yajuzu kuitumia kwa sababu ya dharura, madhali haijapatikana nyingine iliyo safi na madhara ya kuacha yamethibitishwa na wajuzi. Sisi hatutoi fatwa hapa. Mwenye swali na amwendee sheikh wake. Twataka msomaji ajue tu kwamba jambo hili limekwisha kutazamwa na wanavyuoni, wala halikuachiwa waganga peke yao.

Na madhara je? Yapo madogo. Mtoto huweza kupata homa siku moja au mbili, mkono huuma, na ile ya kifua kikuu huota kidonda kidogo kipoacho chenyewe. Madhara makali ni nadra sana, na ndiyo sababu mama huambiwa akae kidogo kabla ya kuondoka. Ukiyapima hayo na surua, iletayo kichomi, kuhara na upofu, na kuudhoofisha mwili hata ukasahau kinga ilizokuwa nazo, mizani haina haja ya kushikwa na mtu mwenye elimu kubwa.

MPISHI WA MERCA

Tumalizie kwa habari ya mtu mmoja wa pwani yetu hii ya mashariki. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, nchini Somalia. Mwezi wa Oktoba 1977 waliletwa watoto wawili wenye ndui, na dereva hakuijua nyumba ya kuwapeleka. Ali, kijana wa miaka 23, akapanda garini awaonyeshe njia. Zilikuwa dakika chache tu. Yeye hakuwa amechanjwa; alieleza baadaye kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Siku si nyingi akaugua ndui. Alipona, wala hakumwambukiza mwingine, kwa kuwa watu waliokutana naye walitafutwa na kuchanjwa kwa haraka. Akawa ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui, iliyowaua wanadamu tangu zama za Mafirauni, haiko tena.

Lakini uzuri wa habari yake umo katika yale aliyoyafanya baadaye. Polio ilipopigwa vita nchini kwake, Ali alijitolea kwenda kwa akina mama waliokuwa na hofu, akawaambia mwenyewe yaliyompata kwa kuogopa sindano. Polio ikatoka Somalia. Iliporudi mwaka 2013, naye akarudi kazini. Na mwezi wa Julai mwaka huo malaria ikamwua akiwa katika kazi hiyo. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kosa la dakika chache alilifidia kwa kazi ya miaka.

YATUPASAYO

Tangu mwaka 1974, ulimwengu ulipoanza mpango wa kuwachanja watoto wote, wataalamu wamekadiria kwamba roho milioni 154 zimeokolewa. Hizo ni hesabu za dunia. Hesabu yako wewe ni ya kadi moja au mbili zilizo mkononi mwako.

Basi, baba wa nyumba na aitazame kadi leo, na nafasi iliyo wazi aitolee nauli kabla ya Ijumaa nyingine. Akina mama wa mjini Babati wasimdhihaki mwenzao aliyeshuka kutoka bomani na mtoto asiye na kovu begani. Wamwonyeshe njia ya kliniki, kama yule mpishi alivyomwonyesha dereva, na ujira wao u kwa Mungu. Walimu wa madrasa, ambao watoto wa kila kabila hukaa mbele yao, waulize mara moja kwa mwaka ni nani hakumaliza. Maimamu wa Babati, Magugu, Galapo na Bonga wakisikia kwamba gari la huduma ya mkoba litakuja, walitangaze baada ya Sala ya Ijumaa, kwa kuwa tangazo la msikitini hufika mahali ambapo karatasi ya ofisi haifiki. Na wakuu wa wilaya wapange siku hizo zikubaliane na mnada na malisho, maana mfugaji hakosi mnadani.

Ukisha kusoma, irudishe kadi sandukuni. Lakini iweke juu, isiwe chini ya hati ya kiwanja. Kiwanja hicho chataka mrithi, na mrithi ndiye huyo aliyelala mgongoni mwa mamake, asiyejua lolote, ametutegemea sisi. Mwenyezi Mungu awakuze watoto wetu katika afya na dini, na atuwezeshe kuirudisha amana yake ikiwa salama. Amin.